Umeme ukikatika fundi akiwa katikati ya kazi: mimi naogopa zaidi unaporudi

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta uzi huu kutokana na jambo lililotokea nyumbani kwangu Kimara wiki mbili zilizopita, wakati nikikarabati bafu la nyumba tunayoishi. Marumaru za zamani zilikuwa zimekwisha kubanduliwa, fundi bomba alikuwa amepitisha mabomba mapya ya maji ya moto na ya baridi, na fundi marumaru alikuwa amefika safu ya nne kutoka chini pale umeme ulipokatika, yapata saa nne na nusu asubuhi. Grinda ilikuwa mkononi mwake, imeingia nusu ya marumaru aliyokuwa akiikata kwa ajili ya kona. Mlio ukapungua taratibu hadi diski ikasimama, akaichomoa kwenye marumaru, akailaza sakafuni juu ya mfuko mtupu wa saruji, kisha akatoka nje kupunga upepo. Kitufe cha grinda ile ni cha kusukuma mbele kikajifunga chenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kukirudisha nyuma. Kwa maneno mengine, grinda ilikuwa imewashwa, imelala pale inasubiri umeme.

Kabla ya saa tano umeme ukarudi. Saidia fundi alikuwa amechuchumaa hatua mbili kutoka pale, akiokota vigae vilivyovunjika na kuvitia ndooni. Grinda iliruka, ikararua mfuko wa saruji, ikazunguka sakafuni kama kuku aliyechinjwa, ikajivuta hadi ikakata waya wake yenyewe, ndipo sakiti breka ikaanguka na kimya kikarudi. Kijana alitoka salama, isipokuwa buti lake la mpira lilipata mkato wa urefu wa kidole upande wa kisigino. Grinda ya diski ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, kwa hiyo hapo alipo mtoto wa mtu alishukuru lile buti.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini sote tunajiandaa kwa umeme kukatika, kwa taa za kuchaji, jenereta na simu zilizojaa chaji, lakini hakuna anayejiandaa kwa umeme kurudi. Nyumba yenye ukarabati si kama nyumba nyingine, kwa kuwa ukutani kuna nyaya zilizoachwa wazi, sakafuni kuna vyombo vya kazi ambavyo havijazimwa, na watu wanagusa vitu ambavyo siku nyingine wasingevigusa kwa sababu wanajiambia kwamba umeme haupo. Msimamo wangu sasa ni kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi, kila mtu ajiendeshe kama upo.

Jambo la kwanza ninalofanya siku hizi, kabla hata ya kuuliza kama ni mtaa mzima, ni kupita kwenye vyombo vyote vya kazi. Kila kimoja kinazimwa kwenye kitufe chake, kinachomolewa kwenye soketi, kisha naishusha swichi kuu. Fundi wangu aliniambia kwamba hatua tatu ni nyingi mno na kwamba swichi kuu peke yake inatosha. Mimi sikubaliani naye, kwa sababu swichi kuu iko ukumbini, na mtoto anayesubiri katuni au mpangaji wa chumba cha uani anaweza kuipandisha bila kujua kwamba kuna mtu bafuni ameshika waya. Kujua kama umeme umerudi hakuhitaji taa ya ndani, kwa kuwa mita ya Luku, ile ya kununua uniti kabla ya kutumia, imefungwa kabla ya swichi kuu, na taa yake itawaka hata kama nyumba nzima umeizima.

Baada ya hapo ndipo tunatoka nje kuangalia kwa majirani. Kama wao wanao na wewe huna, uniti zimekwisha, au breka imeanguka, au, na hili ndilo la kuogopwa zaidi katika nyumba yenye kazi, fundi ametoboa waya ukutani. Ikiwa umeme ulikatika papo hapo drili ilipokuwa ikiingia ukutani, breka isipandishwe hata mara moja "kujaribu" mpaka lile tundu limulikwe kwa tochi na kuchunguzwa. Kwa kawaida konduti, yaani bomba la kupitishia nyaya ukutani, hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, kwa hiyo usawa wa juu na wa chini wa soketi ni mahali pa kuhofia, lakini nimeona pia nyumba ambazo fundi wa wakati ule alikata ukuta mshazari ili kuokoa mita mbili za waya, na humo hakuna kanuni itakayokusaidia.

Kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa, nalo ni la testa. Sote tunaijua ile bisibisi yenye taa ndogo, ukiigusisha kwenye waya ikiwaka ujue kuna umeme. Sasa umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, testa haitawaka popote, na ukimya wake haukuambii chochote kuhusu waya ulioushika. Haikuambii kama breka ya chumba hicho imeshushwa, wala kama waya huo ndio ulioukusudia. Nimeshuhudia fundi akigusa nyaya tatu, taa isiwake, akasema "hizi zimekufa", akaanza kuzimenya kwa meno. Zilikuwa hazijafa; zilikuwa zimelala tu.

Kuhusu vifaa vilivyokwisha kuchanganywa, hapa kuna hasara ya kweli na inafaa kuielewa. Umeme ulipokatika tulikuwa na nusu karai ya gundi ya marumaru. Gundi hiyo hukaa kwenye karai kwa saa kadhaa kulingana na maelekezo ya mfuko, lakini ikishapakwa ukutani una dakika kama 20 hadi 30 tu kabla haijafanya ngozi ya juu inayokataa kushika. Fundi akakwangua yote aliyokuwa ameipaka na bado haijafunikwa, akairudisha kando, nami nikamwona ana busara. Asichopaswa kufanya, na ambacho mafundi wengi hufanya, ni kuongeza maji kwenye gundi au udongo wa saruji ulioanza kukakamaa ili ulainike tena. Unalainika kweli mkononi, lakini nguvu yake imekwisha kupotea, na marumaru itatoa sauti ya tupu ukiigonga baada ya miezi michache.

Halafu tukagundua kwamba kazi haikuwa lazima isimame. Marumaru nzima hazihitaji umeme. Zinahitaji mwiko wenye meno, pima maji na jicho la fundi. Tukaendelea na marumaru nzima za katikati ya ukuta, tukaacha nafasi za kona na za kuzunguka bomba hadi umeme utakaporudi. Kwa vipande vilivyonyooka, jirani alituazima mashine ya mkono ya kukatia, ile ya kuchora mstari kisha kukandamiza mpini, na kusema kweli ilikata safi kuliko grinda na bila vumbi. Isipokuwa haikati umbo la herufi L wala tundu la bomba.

Maji ni suala fupi: pampu haifanyi kazi bila umeme, kwa hiyo kabla ya siku ya saruji jaza tanki na pipa moja la akiba. Plasta iliyopigwa jana itahitaji kumwagiliwa leo hata kama umeme haupo.

Maswali yangu kwenu ni mawili. Je, wenzangu mnatumia utaratibu gani? Na je, siku fundi akikaa saa nne akisubiri umeme, nani anabeba gharama ya siku hiyo? Nawasilisha.

Mchangiaji wa 1, fundi umeme

Mkuu, umeleta mada ya maana, na kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu naomba niongezee upande wa jenereta, kwa sababu najua watakaokuja baada yangu watasema "nunua jenereta umalize kazi".

Kosa baya kuliko yote ni kuunganisha jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi za kiume pande zote mbili. Watu wanafanya hivyo usiku, wanasahau kushusha swichi kuu, na umeme wa jenereta unatoka nje ya nyumba kupitia mita, unafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti upande wa pili. Fundi wa shirika la umeme aliyepanda nguzo akiamini kwamba laini imezimwa anakutana nao huko juu. Na umeme wa gridi ukirudi wakati jenereta inaunguruma, jenereta yako ndiyo itakayoungua kwanza. Kama unataka jenereta ilishe nyumba, kuna swichi ya kubadilishia, yenye upande wa gridi, upande wa jenereta na katikati ya kuzima, ambayo haiwezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja. Kama huna swichi hiyo, tumia ekstensheni kutoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi kwenye chombo cha kazi, na nyumba iache gizani.

Jenereta ikae nje, mbali na dirisha. Si barazani, si stoo yenye mlango wazi, si korido. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, na anayeivuta huanza kuumwa kichwa na kusinzia, akadhani ni uchovu wa kazi.

Kuhusu swichi kuu, kisanduku chenye mlango kitiwe kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi, si wa mwenye nyumba. Nyaya zote zilizoachwa wazi zifungwe kwenye konekta na kuzungushiwa tepu ya umeme hata kama kesho asubuhi utazifungua tena. Mwisho, kwa kuwa bafu ni sehemu ya maji, waambie wakuwekee breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, na kazi yote ya nyaya ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ukarabati ndio wakati wake, ukuta ukiwa bado wazi.

Mchangiaji wa 2, Mwanza

Kaka mleta mada, pole sana, na mshukuruni Mungu kwa yule kijana.

Yetu yalitokea usiku. Mwaka jana tulikuwa tunabadilisha mabomba ya jikoni kuwa yale ya plastiki ya kijani yanayounganishwa kwa kuyeyusha. Fundi hutumia mashine ndogo kama pasi, ambayo hufika nyuzi joto 260, anachomeka bomba upande mmoja na kiungo upande mwingine, anahesabu sekunde, kisha anavichomoa na kuvisukumiza pamoja. Umeme ulikatika jioni akiwa na viungo vitatu mkononi. Akasubiri hadi giza likaingia, akaomba ruhusa aondoke, akaiacha mashine juu ya kibao chake ili ipoe, waya bado uko kwenye soketi, kando yake kuna ndoo ya plastiki na mifuko ya saruji.

Umeme ulirudi saa nane za usiku, sisi tumelala. Aliyeamka ni mama mkwe wangu, ambaye hulala usingizi mwepesi, akasema anasikia harufu ya nailoni. Nilipofika jikoni ndoo ilikuwa imeinama upande mmoja kama keki iliyokosa kuiva na mfuko wa karatasi ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, bado kuwaka tu. Sikulala tena hadi asubuhi.

Asubuhi ile fundi alipokuja alitaka kuendelea na kile kiungo alichokuwa amekianza umeme ulipokatika, kwa maelezo kwamba kilikuwa kimeshika. Mume wangu akakataa, akamwambia akate sentimita tano aanze upya. Kilipokatwa tukaona ndani kwamba kimeyeyuka upande mmoja tu. Kingepasuka baada ya ukuta kufunikwa.

Naongeza moja kwa akina dada wenzangu tunaobaki na nyumba mafundi wakiondoka: kama kuna thina, vanishi au gundi ya mbao imefunguliwa siku hiyo, msiwashe mshumaa wala koroboi kwenye chumba hicho hata kama giza ni totoro. Tochi ya simu inatosha.

Mchangiaji wa 3, Mombasa

Ndugu zangu wa bara, salamu kutoka pwani. Huku kwetu twasema stima imepotea, lakini mambo ni yale yale.

Mimi nilikuwa naongeza chumba juu, na siku ya kumwaga zege la slabu ndiyo stima ikapotea. Mashine ya kuchanganya ilikuwa ya dizeli, hiyo haikusumbua, lakini mashine ya kutetemesha zege ilikuwa ya stima. Mafundi walitaka kuendelea kumwaga na kuchomachoma kwa ufito wa nondo. Kwa zege la sakafu nyembamba ningewaruhusu, lakini pale penye boriti nondo zilikuwa zimesongamana, na zege lisilotikiswa huacha mashimo kama sega la nyuki ambayo huyaoni mpaka mbao zing'olewe.

Mzee mmoja msimamizi alitufundisha jambo ambalo sikulijua. Kama lazima usimame, usisimame popote palipokukuta. Malizia hadi mahali anapopaonyesha mhandisi, ukate kwa ubao uliosimama wima, usiache zege likiteleza mteremko wake. Kisha kesho yake unalikwaruza lile zege la zamani hadi kokoto zionekane, unaliosha, unalipaka uji wa saruji, ndipo unaendelea. Sisi tulipata mashine ya petroli ya kukodi baada ya saa moja na nusu, tukawahi, maana zege lililokwisha kuchanganywa halingojei sana zaidi ya hapo, hasa kwa jua la Mombasa.

Mchangiaji wa 4

Mnaandika sana. Jenereta ndogo inapatikana kila duka la vifaa. Nunua, washa, maliza kazi, uza. Nani ana muda wa kushusha swichi mara tatu?

Mleta mada

Mkuu, nimelifikiria hilo, na tatizo ni hesabu. Jenereta ndogo kabisa zinazobebwa kwa mkono mmoja hutoa chini ya kilowati moja. Grinda ndogo hula wati 700 hadi 1,000, na inapoanza huvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi, kwa hiyo jenereta hiyo itakohoa na kuzima. Pampu ya nusu farasi ina takriban wati 375 kwenye karatasi, lakini mwanzo wake huvuta mara kadhaa ya hizo. Mashine ya kuchomelea mageti hata tusiizungumzie. Kwa bafu moja, kwangu ilikuwa nafuu kuazima ile mashine ya mkono na kusubiri. Kwa anayejenga ghorofa jibu linaweza kuwa jingine, na ndugu wa Mombasa ametuonyesha.

Wapo pia walionitumia ujumbe binafsi wakisema kwamba tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa Februari 2024, mada hii imepitwa na wakati. Mgao ule wa mwishoni mwa 2023 sote tunaukumbuka na kweli hali ni tofauti sasa. Lakini tawi la mwembe likiangukia waya wa mtaa wako, bwawa halina habari nalo, na uniti zikiisha Jumapili ukiwa huna salio kwenye simu, kosa ni lako mwenyewe.

Mchangiaji wa 5, fundi marumaru

Mimi nijibu swali la pili kwa sababu hakuna aliyeligusa. Fundi wa kutwa akishafika kazini na nauli yake, siku yake imeanza. Umeme ukikatika saa nne na akakaa hadi saa kumi, ukimwambia "leo hukufanya kitu" unamwonea, kwa sababu hakukaa kwa kupenda. Aliyechukua kazi kwa jumla, yaani bafu zima kwa bei moja, kuchelewa ni kwake, ila mwenye nyumba asimdai tarehe ile ile. Kinachotugombanisha ni kwamba haya husemwa baada ya umeme kukatika, wakati kila mtu amekwisha kukasirika. Yasemwe siku ya kupatana bei.

Na niseme ukweli kuhusu zile grinda. Tunazifunga kitufe kwa sababu mkono unachoka kukata siku nzima. Si ujinga.

Mleta mada

Nakushukuru, fundi, na maelezo yako yamenisaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu mimi nilimlipa fundi wangu nusu kutwa siku ile na nikajiona mkarimu. Jana nimemmalizia. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa umeme ukikatika baada ya saa nne anahesabiwa siku nzima, na muda wa kusubiri anautumia kwenye kazi za mkono: kukwangua, kupima, kupanga marumaru za kesho, kusafisha mistari kabla ya grauti, ile ya kujazia mistari ya marumaru.

Kisanduku cha swichi nimekitia kufuli kama alivyoshauri fundi umeme, na breka ya miliampia 30 imefungwa Jumanne. Grinda iliyokata waya wake sikuitengeneza. Nimenunua nyingine yenye kitufe cha kushikilia, ambayo ukiiachia inazima na haiwezi kuwaka yenyewe umeme ukirudi. Fundi ameitumia kukata marumaru tatu za kona, akairudisha mezani, akasema inamuumiza kidole.